Mwenzio anasubiri parapanda, wewe unasubiri mavuno

Mume anaamini Yesu atarudi mara moja tu mbele ya macho ya wote. Mke anaamini unyakuo unaweza kutokea usiku huu, wawili kitandani, mmoja achukuliwe na mwingine abaki. Je, nyumba moja inaweza kukaa na imani mbili kuhusu mwisho wa dunia? Jibu nililipata Ruaha Mbuyuni, juu ya magunia ya vitunguu.

Hebu sema ukweli, mpenzi msomaji. Umewahi kurudi nyumbani usiku ukakuta mlango uko wazi, sufuria ya maharage inachemka jikoni, kandambili zimepangana kizingitini, lakini mtu hata mmoja hakuna? Unaita, kimya. Unaita tena, kimya. Mwingine atadhani wezi wameingia. Mwingine atadhani jirani kapata msiba. Lakini kama umekulia kwenye ulokole, wazo la kwanza kukujia ni moja tu: wenzangu wamenyakuliwa, mimi nimeachwa.

Usicheke. Mama yangu mdogo yalimkuta hayo usiku wa Jumanne, Septemba 23, 2025, na mpaka leo akisimulia anashika kifua.

Mama mdogo anaishi Ruaha Mbuyuni. Kama umewahi kupanda basi la Dar kwenda Mbeya, pale unapajua hata kama hukumbuki jina. Ukishapita Mikumi na kukatiza lile bonde la mibuyu, kabla gari halijaanza kupanda Mlima Kitonga, mnafika sehemu yenye joto kali. Basi likisimama tu, vijana wanakimbilia madirishani na vitunguu. Hapo ndipo. Ni wilaya ya Kilolo, mkoa wa Iringa, mpakani na Morogoro, na maisha ya watu wengi yanategemea kilimo cha umwagiliaji. Ukiwa na shamba, mbegu na zamu ya maji, una maisha. Ukikosa kimojawapo, basi tena.

Yeye na baba mdogo wana ndoa ya zaidi ya miaka 20. Mama mdogo ni mlokole wa kanisa la Kipentekoste, mtu wa mikesha na mifungo. Baba mdogo ni Mlutheri wa kuzaliwa, anaimba besi kwaya kuu. Jumapili kila mmoja anashika njia yake, mchana wanakutana mezani, wali unaliwa, stori zinapigwa. Hawajawahi kugombana kuhusu ubatizo wala kunena kwa lugha. Waligombana kuhusu kesho.

KLIPU ILIYOINGIA NA PESA ZA MBEGU

Mwezi huo wa Septemba mhubiri mmoja wa Afrika Kusini, Joshua Mhlakela, alisema kwamba Yesu alimtokea na kumwambia unyakuo utakuwa tarehe 23 na 24. Video yake ikasambaa dunia nzima. Kwenye simu ya mama mdogo ikaingia mara nne, kila kundi la maombi likiituma upya kwa msisitizo.

Wakati huohuo baba mdogo alikuwa ametenga pesa za mbegu na mbolea za msimu unaofuata, pamoja na ada ya binti yao aliyetakiwa kuanza chuo cha ufundi mwezi Januari. Siku moja wakiwa wanakula, mama mdogo akauliza:

"Baba watoto, hivi hizo hela tunanunulia mbegu za nini? Nani atavuna?"

Baba mdogo ni mtu wa utani. Akajibu, "Mimi nitavuna. Wewe ukiwa umeshapaa, gunia lako nitakuwekea pembeni, tena lumbesa."

Watoto wakacheka. Mama mdogo akaweka kijiko chini, akanyanyuka, akaenda kulala. Kwa siku tano nyumba ile ilikuwa na baridi kuliko Mafinga mwezi wa saba. "Shikamoo" za watoto zinaitikiwa, chakula kinapikwa, lakini wenyewe wawili hawasemeshani zaidi ya "chumvi iko wapi" na "nani kachukua chaja".

Nilipofika kuwasalimia baadaye, kila mmoja alinieleza kwa wakati wake. Sikiliza vizuri maneno yao, maana hapa ndipo penye kiini cha makala hii.

Mama mdogo aliniambia, "Mwanangu, mimi siogopi mwisho wa dunia. Naogopa kwenda bila huyu mzee. Nilikuwa namlilia Mungu usiku kucha, halafu yeye ananicheka."

Baba mdogo naye: "Unajua ni kitu gani kiliniuma? Yaani mke wangu ameshapanga safari, na mimi simo kwenye hiyo safari. Nikaona bora nitanie kuliko nilie."

Umeona? Wawili hawa hawakugombana kuhusu kitabu cha Ufunuo. Waligombana kwa sababu kila mmoja aliogopa kuachwa na mwenzake. Bahati mbaya hofu hiyo ilikuja imevaa nguo za mafundisho ya dini, wakabaki kubishana kuhusu nguo.

KWANI NANI KASEMA NINI?

Kabla hatujarudi kwenye ule usiku wa tarehe 23, tuweke mambo sawa, maana watu wengi tunabishana bila kujua hata jirani anaamini nini hasa.

Walokole wengi, wakiwemo wa makanisa kama TAG na EAGT, wanafundisha kwamba Yesu atawanyakua watakatifu kwanza, ghafla. Halafu duniani itafuata dhiki kuu ya miaka 7 na utawala wa Mpinga Kristo. Baada ya hapo Yesu anarudi na watakatifu wake, anatawala miaka 1000, kisha hukumu ya mwisho. Fundisho hili la unyakuo unaotangulia dhiki lilienezwa sana kuanzia miaka ya 1830 na mhubiri John Nelson Darby wa Uingereza na Ireland. Mwaka 1909 likaingizwa kwenye maelezo ya Biblia ya Scofield iliyochapishwa Marekani, na kutoka huko wamisionari na wahubiri wakalisambaza mpaka kwetu.

Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana, kwa mafundisho yao rasmi, hawana safari mbili. Yesu anarudi mara moja, wafu wanafufuka, hukumu inafanyika, basi. Hiyo miaka 1000 ya Ufunuo sura ya 20 wengi wao wanaisoma kama lugha ya picha, jinsi Mtakatifu Augustino alivyofundisha karne ya 5. Walutheri waliliandika hili mapema kabisa: Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 17, linakataa fundisho la watakatifu kutawala dunia kwanza kabla ya ufufuo wa wafu. Lakini usishangae ukimkuta Mlutheri wa Iringa au Mbeya anaimba habari za unyakuo. Uamsho ulioanzia Rwanda miaka ya 1930 ulipita katikati ya makanisa haya haya ya zamani. Hata neno "mlokole" lilitoka Uganda, kwa Kiganda, likimaanisha aliyeokoka.

Wasabato nao wana mpangilio wao. Hawafundishi unyakuo wa siri kabisa. Kwao Yesu atarudi kwa kishindo, kila jicho likimwona. Wafu, ambao kwa sasa wamelala tu, watafufuliwa, na waliookoka watakwenda mbinguni miaka 1000 huku dunia ikibaki ukiwa. Baada ya hapo ndipo dunia inafanywa upya.

Na Mashahidi wa Yehova wakigonga mlango wako Jumamosi asubuhi watakuambia wanaokwenda mbinguni kutawala na Kristo ni 144,000 tu. Waaminifu wengine wataishi milele hapa hapa duniani, ikiwa imefanywa paradiso.

Kwa hiyo kwenye basi moja linalopanda Kitonga unaweza kukuta abiria wanne, Biblia moja, ratiba nne. Lakini wote wanne wana ule mstari wa Mathayo 24:36, ambapo Yesu mwenyewe anasema siku na saa hakuna aijuaye isipokuwa Baba. Wanatofautiana kuhusu mpangilio. Tarehe hakuna aliyepewa.

WALIOPEWA TAREHE YALIWAKUTA NINI?

Hapa sasa tuwe makini, maana utani unaishia hapa.

Mwaka 1844 huko Marekani, wafuasi wa William Miller, ambaye mwenyewe alikuwa mkulima, walisubiri Yesu arudi Oktoba 22. Walikuwa wamepiga hesabu za siku 2300 za kitabu cha Danieli. Wapo wakulima walioacha viazi ardhini bila kuvichimba, kwa kuwa kuvuna kungeonyesha hawana imani. Jua likazama, likachomoza tena. Watu walilia mpaka asubuhi. Wengine waliacha dini kabisa. Wengine walirudi kwenye maandiko kutafuta walipokosea, na kutokana na hao Kanisa la Waadventista Wasabato likaundwa rasmi mwaka 1863. Leo kanisa hilo halipangi tarehe.

Usiseme hayo ni ya Wazungu. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini tulishayaona zamani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuwa inaelekea ukingoni, mwaka 1918 na 1919, watu wa mpakani mwa Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini, upande wa Mbozi na Tunduma ya leo, walikuwa wamechoka. Walibebeshwa mizigo ya majeshi, chakula kikachukuliwa, njaa na magonjwa vikafuata. Hapo wakatokea wahubiri waliokuwa wamerudi kutoka kazini Rhodesia ya Kusini, maarufu wao Hanoc Sindano. Walichukua mafundisho ya vitabu vya Watch Tower wakayapeleka kwa namna yao: mwisho umefika, utawala wa wakubwa unakwisha. Watu wengi walifuata. Serikali ya kikoloni ikawakamata wafuasi kwa wingi mwaka 1919. Dunia haikuisha, ila unaelewa kwa nini mtu aliyebebeshwa mzigo kwa miaka minne angetamani iishe.

Mwaka 2008 Dar es Salaam nako kulikuwa na kikundi kilichojitenga na Kanisa la Wasabato, kikijulikana kama Wasabato Masalia. Walipiga kambi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere wakitaka kusafiri kwenda kuhubiri nchi za nje bila pasipoti wala tiketi, wakiamini Mungu atafungua njia. Wengi tulicheka tuliposoma magazetini. Lakini kila mmoja wao alikuwa na mama, mume au mtoto mahali fulani akimsubiri arudi nyumbani.

Na kuna palipokosa kicheko kabisa. Kanungu, Uganda. Viongozi wa kundi la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, akiwemo Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde, waliwaambia watu dunia inaisha Desemba 31, 1999. Waumini waliuza mali zao, wakakabidhi. Mwaka 2000 ukaingia kama kawaida. Machi 17 mwaka huo mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, na baadaye makaburi mengine ya halaiki yakagundulika.

Tukadhani tumejifunza. Aprili 2023, msitu wa Shakahola karibu na Malindi, Kenya, polisi wakaanza kufukua miili ya wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Ilizidi 400, na wengi walikuwa watoto. Upande wa mashtaka unasema aliwaambia wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Yeye alikana mashtaka.

Ukiziangalia habari hizi kwa pamoja utaona kuamini unyakuo si tatizo. Mamilioni ya walokole wanaamini na bado wanalima, wanasomesha na kulipa kodi ya nyumba. Hatari inaanza pale mtu anapotokea na tarehe mkononi, halafu baada ya tarehe anataka na funguo za nyumba yako.

USIKU WA TAREHE 23

Turudi Ruaha Mbuyuni. Jumanne ile jioni mama mdogo alikwenda kwenye maombi. Mchungaji wake, ambaye ni mlokole na unyakuo anauhubiri kila mwezi, aliwashangaza watu. Aliwaambia yeye anamsubiri Bwana leo, kesho na keshokutwa, lakini asubuhi ile ile ameagiza tofali za kumalizia choo cha kanisa, na fundi anakuja Alhamisi. "Bwana akija Jumatano, fundi atanisamehe," akasema. Watu wakacheka, mama mdogo hakucheka.

Saa tatu usiku akafika nyumbani. Mlango wazi. Maharage yanachemka. Kandambili zote zipo mlangoni, za mume na za watoto. Akaita. Kimya. Akaenda kwa jirani, nako giza. Yule jirani naye Mlutheri.

"Nilikaa kizingitini nikalia," aliniambia. "Na unajua nilichokuwa nalilia? Nilisema, kumbe huyu Mlutheri ndiye alikuwa ameokoka. Mimi na mikesha yangu yote ndiye nimebaki. Na nimemnunia siku tano. Hata kwaheri sikumwambia."

Kumbe bwana, zamu ya maji ilikuwa imewafikia ghafla. Mfereji ukifunguliwa kwako usiku, unakwenda usiku huo huo. Ukichelewa, maji yanahamia kwa mwingine na miche yako inakauka. Baba mdogo alikusanya watoto wote na majembe, wakatoka mbio pekupeku kwa sababu ya matope, jirani naye akawafuata kusaidia. Simu waliiacha ikichaji.

Saa nne na nusu wakarudi na tochi, matope mpaka magotini. Baba mdogo akamkuta mkewe kizingitini, macho yamevimba. Akauliza, "Kulikoni, nani amekufa?"

Mama mdogo hakujibu. Alimrukia na kumkumbatia na matope yake yote, mbele ya watoto na jirani, kitu ambacho baba mdogo anasema hakijatokea tangu siku ya harusi. Maharage yaliungua yote. Usiku ule walikula ugali kwa kachumbari ya vitunguu, wakaongea mpaka alfajiri.

Tarehe 24 ikapita. Ikatajwa tarehe nyingine ya Oktoba, nayo ikapita. Mbegu zilinunuliwa. Ada ya binti ikalipwa.

BARUA MOJA, MATATIZO MAWILI

Nilipokuwa narudi Dar nilifungua ule mstari ambao walokole wanautegemea kuliko yote kwa habari ya unyakuo, Wathesalonike wa kwanza sura ya 4. Nilikuwa nausikia tangu utotoni, parapanda na mawingu. Safari hii nikasoma kuanzia juu kidogo. Kumbe Paulo hakuwa anawatisha watu. Wathesalonike walikuwa wamefiwa, na walihangaika kuhusu wapendwa wao waliotangulia. Anawajibu kwamba walio hai hawatawatangulia waliolala, kwamba watakuwa pamoja, halafu anawaagiza wafarijiane kwa maneno hayo. Ni barua ya kuliwaza watu walioogopa kutenganishwa. Ndiyo hofu ile ile ya mama mdogo.

Barua ya pili kwa watu hao hao, sura ya 3, ina habari nyingine. Wapo waliokuwa wameacha kazi, wanazurura na kujiingiza katika mambo yasiyowahusu. Paulo anawaambia wazi asiyetaka kufanya kazi asile, na anawakumbusha kwamba yeye alipokuwa kwao alifanya kazi kwa mikono yake usiku na mchana. Hapo baba mdogo angepiga makofi.

Yaani kanisa lile lile moja lilihitaji maneno ya faraja na maneno ya kuwarudisha kazini. Nyumba nyingi zinazogombana kuhusu mwisho wa dunia zinahitaji yote mawili.

UFANYE NINI KAMA NI NYUMBANI KWAKO?

Kama wewe na mwenzio mko kwenye hali kama hii, au mchumba wako anasali kwingine na mnaelekea ndoa, jaribu haya.

Kwanza, ulizaneni hofu kabla hamjafungua mistari. Badala ya kumwambia "hiyo siyo Biblia", muulize, "Unaogopa nini hasa?" Utashangaa. Mara nyingi jibu halitakuwa Mpinga Kristo. Litakuwa wewe, watoto, au mzazi aliyekufa bila kuokoka.

Pili, usicheke. Utani wa gunia la lumbesa ulikuwa mtamu, lakini uligharimu siku tano za ndoa. Unaweza kukataa fundisho bila kumfanya mwenzio aonekane mjinga mbele ya watoto. Na wewe uliyeokoka, usimhukumu mwenzio kila siku kana kwamba jina lake umeshaangalia kitabuni ukalikosa. Hakuna mume anayependa kulala kitanda kimoja na hakimu wake.

Tatu, pesa za kesho zisiguswe na mtu mmoja. Mbegu, ada, kodi, bima ya afya, hayo yaamuliwe na wawili. Ukitaka kutoa sadaka, toa. Lakini sadaka ya kutisha, ile inayodai mtaji wote kwa sababu "muda umekwisha", ikae mezani kwanza mpaka wote wawili mkubaliane. Mungu hakimbizani na msimu wa mbegu.

Nne, msiwatishe watoto. Wapo watu wazima leo, wana vyeo vyao, ambao wakipiga simu nyumbani isipopokelewa mapigo ya moyo yanabadilika, kwa sababu utotoni waliambiwa wataachwa. Mtoto afundishwe kwamba anapendwa kabla hajafundishwa kwamba anaweza kubaki. Na kila uvumi wa namba 666, mara kwenye kitambulisho cha Taifa, mara kwenye chanjo, usimwagwe mezani watoto wakila.

Tano, mwenye tarehe mkimbie. Akikutajia siku, akikutaka uuze shamba, umtoe mtoto shule, uache dawa, ukate ndugu zako au usimwambie mwenzio mnachofanya, hapo usibishane naye, ondoka. Na kama ni mwenzio ameshaingia huko, usimnunie ukamwacha peke yake. Tafuta mtu wa dini anayemheshimu, mshirikishe mjomba au shangazi, na kama kuna watoto wananyimwa chakula au matibabu, toa taarifa ustawi wa jamii au polisi siku hiyo hiyo. Shakahola kuna ndugu waliopiga kelele mapema. Laiti wangesikilizwa wote.

KITANDA KIMOJA

Usidhani mama mdogo amekuwa Mlutheri. Thubutu! Bado anaamini unyakuo, bado anakesha Ijumaa. Baba mdogo naye bado anasema Luther aliwahi kusema kwamba hata akijua dunia inaisha kesho, leo angepanda mti wa tufaha. Nilimwambia hakuna andiko la Luther lenye maneno hayo, yalianza kusikika Ujerumani miaka ya 1940. Akanijibu, "Basi kama hakusema Luther, nasema mimi, tena siyo tufaha, ni vitunguu."

Kilichobadilika ni kidogo tu. Siku hizi akitoka usiku kwenda kwenye maji, anaandika kwa chaki mlangoni: TUPO SHAMBANI. Maneno mawili, herufi kubwa, ili mama wa watu asilie bure.

Nilimuuliza mama mdogo siku naondoka, tukiwa tunasubiri basi huku kanifungashia vitunguu mpaka naona aibu. Nikamwambia, "Mama, bado unaogopa?"

Akacheka. "Usiku nikishtuka huwa napapasa kitandani. Nikimkuta yupo, nashukuru Mungu, narudi kulala. Maana hapo ni mawili, mwanangu. Ama hajaja bado, ama tumeachwa wote. Na kama tumeachwa wote, angalau nitakuwa na mtu wa kubishana naye."